Kidole Begani

Shuleni walimwita Nani-Kasema, na wala hakukasirika, maana jina alilitafuta mwenyewe. Ukiingia darasani kwake na habari yoyote ile, hata kama ni habari ya mvua kunyesha nje, atakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Nani kasema?" Ukijibu "watu", umekwisha. Watu gani? Walikuwepo? Hawana majina? Siku moja mkuu wa shule mwenyewe alikuja mbio na habari kwamba walimu wataongezewa likizo. Alirudi ofisini kwake taratibu, likizo imemfia mdomoni.

Alikuwa mwalimu wa lugha, mama wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kila Jumatatu alifunga kitabu cha kiada akakisukuma pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya matangazo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ujumbe mmoja aliokutana nao wiki ile: kipande cha gazeti, boksi la sabuni, maneno ya redioni aliyoyanakili, ujumbe wa simu unaosema ukiusambaza kwa watu kumi utapata baraka na usiposambaza shauri yako. Wanauweka mezani na kuupasua kwa maswali matatu ambayo hayakufutwa kamwe kwenye kona ya ubao. Nani kasema? Anataka nini kwangu? Kimekatwa nini?

Hilo la tatu ndilo alilolipenda. "Kila picha ina ukingo," aliwaambia, "na nje ya ukingo kuna mtu kasimama. Mtafuteni huyo mtu."

Halafu kuna kidole. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilibanwa na mlango wa kabati alipokuwa mtoto, kikapona vibaya, kikapinda upande kuanzia kwenye kifundo. Akikunyooshea wewe, anasimama jirani yako. Mwaka mzima watoto wa darasa lile walikuwa wanasimama wawiliwawili, mmoja kwa kuitwa na mwingine kwa makosa, na yeye anawaambia, "Mimi najua ninayemtaka, nyie ndio hamjui kutazama." Darasa linacheka. Kidole kile kilijulikana shule nzima.

Ambacho darasa halikukijua ni kwamba Mwalimu alikuwa na binti.

Mmoja tu, basi. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo walikuwa wawili katika vyumba viwili, wanakula sahani moja na kugombana kwa sababu ya dirisha, lifungwe lisifungwe. Binti alipotimiza miaka saba aliingia shule ileile aliyofundisha mama yake, na asubuhi ya kwanza, getini, Mwalimu alimshika mabega akamwambia, "Sikiliza. Ukivuka hapa mimi si mama yako. Mimi ni Mwalimu. Sitaki watu waseme nakupendelea." Mtoto akaitikia. Tatizo ni kwamba alikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi. Jioni walivuka geti kurudi nyumbani, na bado aliita "Mwalimu". Mwalimu, njaa inauma. Mwalimu, naomba maji. Wiki ikapita, mwaka ukapita, neno likaganda. Alipokuwa na homa kali usiku na mchana, akiwa na miaka kumi na mitatu, alimwita mama yake Mwalimu hata katika kuweweseka. Mama akacheka mbele za watu, kisha akaingia jikoni akafuta macho kwa kitambaa cha sufuria. Mara ngapi alitaka kumwambia, mwanangu, geti tumeshalivuka, niite mama? Aliona haya. Mtu unaanzaje kuomba kitu kama hicho?

Miaka mitatu iliyopita binti akaondoka. Kulikuwa na wakala wa kupeleka watu kufanya kazi nchi za mbali, kulea watoto wa watu katika nyumba za watu, na binti alikuwa amekaa na cheti chake miaka miwili bila kazi. Siku moja kabla ya safari walikwenda studio ya picha iliyo karibu na kituo cha mabasi, ile yenye pazia la buluu lililochorwa mawingu. Mwalimu alimkumbatia binti yake kwa nyuma, mkono wa kulia ukatokea kwenye bega la pili. Mpiga picha akasema, "Mama, tabasamu kidogo." Naye akajibu, "Nani kasema nitabasamu?" Binti alipasuka kwa kicheko, na mpiga picha akabonyeza hapohapo. Nakala moja ilibaki nyumbani, nyingine binti aliipeleka kwa wakala pamoja na fomu zake.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili ikawa mara moja kwa mwezi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza ndani ya kabati. "Uko salama?" "Niko salama, Mwalimu." "Unakula?" "Nakula, Mwalimu. Nitakupigia." Kisha kimya. Miezi kumi na minne sasa. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Mwalimu alivaa miwani, akapiga namba ile, akaisikiliza mashine ikimwambia kuwa mtu huyo hapatikani. Aliisikiliza mpaka mwisho. Alijua haina jipya, lakini angalau ilikuwa inamtaja mwanawe.

Miezi saba iliyopita alipiga moyo konde akaenda ofisi ya wakala. Nitawaambia ukweli, maana ukweli ndio kazi ya hadithi hii: alikwenda na karatasi yenye maswali tisa. Mpokezi, dada mmoja mwenye kucha ndefu na sauti tamu, alimsikiliza nusu ya swali la kwanza, akavuta droo, akatoa kipeperushi kinachong'aa. "Mama, si huyu hapa? Hebu muone alivyonawiri!"

Alikuwa yeye. Anacheka, meno yote nje. Juu yake herufi nyekundu: MWAKA MMOJA TU NASI! Na chini yake, katika mwandiko wa kuigiza kalamu, maneno: *Mama, usinililie. Huku nimepata kila kitu, na kila siku nakukumbuka.*

Mwalimu akasoma. Akasoma tena. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akasema asante, akaondoka. Maswali yote tisa alirudi nayo mkobani. Nani-Kasema, mwanamke aliyemnyamazisha mkuu wa shule, hakuuliza hata moja.

Nyumbani alikibandika kipeperushi kwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, kwa ile gundi ya utepe ya kahawia, pana, ya kufungia maboksi. Kila asubuhi akifungua kuchukua nguo alisema, "Umeamkaje?" Akasoma yale maneno kuanzia lile la kwanza. Saa nyingine aliishia hapohapo kwenye lile la kwanza.

Basi. Jumatatu moja, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, msichana mmoja alinyanyua mkono. Walimwita Swali-Moja, kwa sababu kila mara aliomba swali moja tu na kila mara yalikuwa matano. Alikuwa na karatasi inayong'aa.

Mwalimu aliiona rangi nyekundu kutoka mbali.

"Tuanze na sabuni," akasema. "Nani kaleta sabuni?"

Wakapasua sabuni. Wakapasua na dawa ya meno, na ujumbe wa simu wa baraka, ambao Mwalimu aliuvuta na kuurefusha mpaka watoto wakaanza kupiga miayo. Swali-Moja hakushusha mkono. Ulipochoka wa kulia alinyanyua wa kushoto.

"Tutafanya wiki ijayo, mwanangu. Muda umekwisha."

"Mwalimu, bado dakika kumi na tano. Na wiki ijayo itakuwa tumechelewa. Dada yangu anakwenda kusaini Ijumaa." Akasimama. "Dada anasema haya yote ni ya kweli. Mimi nimemwambia ngoja nipeleke darasani kwetu, darasa letu halidanganywi."

Sasa hapo ungefanya nini? Mwalimu alisimama na chaki mkononi. Angeweza kukohoa. Angeweza kusema hatupasui matangazo ya watu wanaotafuta riziki. Watoto arobaini na wawili walikuwa wanamtazama, na mmoja wao ana dada.

"Haya," akasema. "Bandika."

Swali-Moja akakibandika ubaoni. Binti akalicheka darasa.

"Nani kasema?" aliuliza Mwalimu, lakini sauti haikuwa yake ya siku zote.

"Huyu dada wa kwenye picha," akasema mmoja.

"Nani kasema ni huyu dada?" akadakia Swali-Moja, mikono kiunoni, akimwiga Mwalimu barabara. Darasa likaangua kicheko. "Jina hana! Anwani hana! Hata mwandiko huu umechapwa!"

"Anataka nini kwangu?"

"Twende!" wakajibu wengi kwa pamoja.

"Hapana," akasema msichana wa dirishani. "Anataka mama zetu waturuhusu. Ndiyo maana kaanza na Mama."

Mwalimu aligeuka. Swali la tatu aliliona kwenye kona ya ubao na hakulisoma. Hakukuwa na haja. Msusi alishafika mbele. Msusi ni yule aliyewasuka wenzake wakati wa mapumziko, na jicho lake lilikuwa kali. Mstari wa nywele ukienda kombo unywele mmoja, anafumua. Alikishika kipeperushi, akakipeleka mwangani.

"Hili pazia nalijua," akasema. "Ni la pale studio ya kituo cha mabasi. Nilipiga picha ya pasipoti pale, wingu hili lina kiraka. Kwa hiyo hii picha haikupigwa huko ng'ambo, imepigwa hapahapa, pua na mdomo." Darasa likaguna. "Halafu hapa pana mtu kakatwa. Angalieni begani. Kaacha vidole."

"Vingapi?" akauliza Swali-Moja.

"Vinne. Kimoja kimepi..."

Hakumaliza. Alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, yakatua kwenye mkono wa Mwalimu ulioshika chaki. Na kama wanavyofanya watoto, mmoja akitazama wote wanatazama. Mwalimu aliutia mkono mfukoni, chaki na yote.

"Mwalimu," Msusi akasema polepole, "ni wewe?"

"Kesho," akajibu Mwalimu, akachukua mkoba wake, akatoka kabla ya kengele. Haijapata kutokea.

Jioni ile alifungua kabati. Hakusema umeamkaje. Alisimama mbele ya mlango wake kama yuko mbele ya ubao na akajilazimisha kutazama. Kipeperushi kilikuwa na pembe nne. Pembe tatu zilishikwa na vipande vidogo vya utepe, nadhifu, sawasawa. Kipande cha nne kilikuwa kirefu, na hakikuwa pembeni. Kilipita juu ya bega la binti kutoka upande hadi upande.

Aliweka yeye mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Siku ile ya kwanza alivitambua vile vidole kabla hajavua viatu, na alijua kuwa kicheko kile ni cha siku ya studio, kwamba binti alikuwa anamcheka yeye, na kwamba hakuna picha yoyote iliyotoka huko aliko. Akaufunika ujuzi wake kwa utepe wa maboksi. Miezi saba! Na kila Jumatatu anakwenda kuwafundisha watoto wa watu kufunua.

Alikwangua utepe kwa ukucha. Ulitoka na ngozi ya karatasi, lakini vidole vikabaki. Akaketi kitandani akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia siku ya uwanja wa ndege.

Jumanne aliingia darasani na picha nzima, iliyotolewa kwenye fremu yake. Aliibandika kando ya kipeperushi. Huku binti anacheka peke yake. Huku anacheka, na mama kamkumbatia, kanuna.

"Nani kasema?" aliwauliza. "Safari hii nasema mimi. Nilikuwepo. Huyu ni mwanangu. Picha ilipigwa siku moja kabla hajaondoka, hajafanya kazi kwao hata saa moja. Aliyekatwa ni mimi."

Swali-Moja alinyanyua mkono nusu. "Swali moja tu, Mwalimu. Yuko wapi sasa?"

"Sijui."

Neno hilo walikuwa hawajawahi kulisikia kwake.

"Na haya maneno ya chini?"

"Si yake. Mwanangu haniiti Mama. Hajawahi. Ananiita Mwalimu kama nyie, nilimfundisha mimi mwenyewe, na akafaulu." Alijaribu kucheka, akashindwa.

Msusi alikuwa anatazama picha zote mbili. Hakuwa na ubaya, mtoto yule, alitaka tu kuelewa. "Sasa Mwalimu, kama ulijua si yake... mbona hukusema?"

Mwalimu akavua miwani. "Kwa sababu karatasi hii iliniita Mama," akasema. "Nilikuwa na hamu na neno hilo, jamani. Mnadhani anayedanganywa ni mjinga? Mimi si mjinga. Nilikuwa na hamu. Mwenye kuandika tangazo hili hanijui, lakini alijua kuna mtu mahali fulani ana hamu." Akairudisha miwani. "Andikeni swali la nne. Mimi natamani nini kiwe kweli?"

Wakaandika. Yeye alisubiri mpaka kalamu ya mwisho ikatulia, akamgeukia Swali-Moja. "Mwambie dada yako."

"Nilimwambia jana, Mwalimu, habari ya pazia. Anasema walimu mna wivu, hamtaki watu wapae."

"Anasaini saa ngapi?"

"Ijumaa saa tisa."

Ijumaa saa nane na nusu Mwalimu alisukuma mlango wa ofisi ya wakala. Ilikuwa kama alivyoiacha: feni inazunguka kwa kulalamika, mabenchi mawili, wasichana sita na fomu magotini. Kilichoongezeka ni kitu kimoja. Ukutani, nyuma ya mpokezi, binti yake alikuwa amekuzwa kutoka dari hadi kiunoni mwa mtu. Meno peke yake yalikuwa makubwa kama daftari.

Miaka mitatu Mwalimu hajamwona, na sasa huyu hapa anamtazama kutoka juu, mzima, mwenye afya. Miguu yake ilitaka kusema asante na kugeuka. Akauingiza mkono mkobani, akaishika picha, akasogea mezani.

"Nimekuja kumuulizia mwanangu," akasema. "Yuko nyumba gani, mji gani, na nani alizungumza naye mara ya mwisho."

Mpokezi alimkumbuka. "Mama, si nilikupa kipeperushi? Anaendelea vizuri huko. Si unaona mwenyewe?"

"Nani kasema hiyo picha ni ya huko?"

"Ofisi imesema, mama."

"Ofisi ilikuwepo?" Akaiweka picha nzima juu ya meza. "Mimi nilikuwepo."

Mpokezi aliitazama. Kucha zake ndefu ziliigusa picha ukingoni, zikarudi. Kwa mara ya kwanza sauti tamu ilimwisha. "Meneja katoka," akasema. "Sijui atarudi saa ngapi."

"Nitamsubiri."

"Huenda asirudi leo."

"Basi nitakuja na kesho. Na Jumatatu nina vipindi mpaka saa saba, nikimaliza nitakuwa hapa."

Akaketi kwenye benchi, chini ya feni, akiwa ameutazama ukuta. Akatoa madaftari ya darasa na kalamu nyekundu. Daftari la juu lilikuwa la Msusi. Chini ya swali la nne alikuwa ameandika mstari mmoja: *Mimi natamani binti wa Mwalimu apige simu.* Mwalimu aliishika kalamu nyekundu muda mrefu. Hakujua aweke alama gani, akalifunga.

Msichana aliyekaa kando yake alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu, pale pa kutia sahihi. Alikuwa na umri wa binti, karibu sawa, na alimtazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayetaka kusema neno. Mwishowe akasema.

"Samahani, mama. Swali moja tu."

Mwalimu akamgeukia. Pua ileile, macho yaleyale. Hakuhitaji kuuliza ni dada wa nani.

"Nimeona umekataa kuondoka," msichana akasema. "Kwani unamsubiri nani?"

Mwalimu alinyanyua mkono wake wa kulia na kumnyooshea kidole binti yake ukutani. Kama kawaida kidole kikaenda kombo, na msichana mmoja wa benchi la pili akageuka kudhani ameitwa yeye. Lakini dada wa Swali-Moja hakugeuka. Alikitazama kidole. Akatazama ukutani, pale begani, ambapo vidole vilikuwa vikubwa kama mikono ya mtu mzima na kimoja kimepinda. Akakitazama kidole tena.

"Ni wako?" akanong'ona. "Yule ni wako?"

"Wangu."

Msichana akakifunga kifuniko cha kalamu. Fomu akaikunja mara mbili, akaikalia. Hakuondoka. Alisogea karibu mpaka mabega yao yakagusana, na wote wawili wakautazama ukuta.

"Anaitikaga vipi, mama, ukimwita?"

Mwalimu aliushusha mkono juu ya madaftari.

"Husema, *Naam, Mwalimu*," akajibu.